Koti Lililopimwa Ukutani

Macho yangu yamestaafu, mdomo bado uko kazini. Ndiyo maana leo nimekuja kuwasumbua nyie vijana wa Kizota mnaoshona kwa cherehani za umeme zinazolia kama nyuki waliochokozwa. Msinipe kiti, nimezoea stuli. Na soda msiniletee mapema, maana nikishashiba huwa nasahau hadithi naanza kuhubiri.

Mimi ni darasa la saba. Hilo la saba lenyewe nadhani nilimaliza kwa sababu mwalimu mkuu alichoka kuniona. Baba akanishika mkono akanipeleka kwa Fundi Swalehe, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza la duka moja mjini Dodoma. Akamwambia, "Fundi, huyu ana maneno mengi. Kama ana mikono, sijui."

Fundi akanitazama toka kwenye malapa mpaka kwenye nywele. "Maneno tutayatia pindo," akasema. "Mikono ataipata hapa hapa."

Mkadhani nilipewa cherehani? Thubutu. Nilipewa wembe na rundo la nguo kuukuu, nikaambiwa nifumue. Nikafumua suruali, nikafumua mashati, nikafumua gauni la mke wa mchungaji. Vidole vikawa vinafumua hewa hata usingizini. Siku moja nikamwambia, "Fundi, mimi baba kanileta nijifunze kushona, sasa mbona naharibu tu?"

"Wewe Yona, mlango ukifungwa na mwingine, unajuaje kitasa kiko wapi?"

"Nabisha hodi."

"Nguo haifunguki kwa hodi. Fumua."

Nikafumua. Na nyie mnaocheka hapo nyuma, wewe mwenye kofia, nawaambia: hamjui kufumua. Mnachana. Mshono unakatwa uzi mmoja, unaruka tatu, unakata tena, halafu unavuta upande wa pili, nguo inajiachia yenyewe bila kupiga kelele. Ukivuta kwa hasira unabaki na matobo, na tobo halina msamaha.

Miaka ile kitambaa kilikuwa cha foleni. Unaona watu wamejipanga nje ya duka, unajipanga kwanza, kuuliza baadaye. Ukifika mbele unaambiwa ni sabuni, unachukua sabuni, unashukuru. Kwa hiyo shati likipatikana linavaliwa mpaka lenyewe linaomba talaka. Na kinachotangulia kufa kwenye shati ni kola, kwa sababu ya shingo na jasho. Basi kazi yetu kubwa ikawa kugeuza kola. Unaifumua, unaipindua, upande uliolika unaangalia chini na ule mzima unaangalia watu, unarudishia mahali pake. Nusu ya makarani wa Dodoma walikuwa wanatembea na kola zilizogeuzwa, na wanaringa.

Akaja karani mmoja na shati lake jeupe. "Fundi, nigeuzie kola."

Fundi Swalehe akalishika. "Ndugu yangu, hii tuliigeuza mwaka jana."

"Igeuze tena."

"Nikiigeuza tena utarudi upande wa kwanza."

Yule karani akafikiri, akakuna kidevu. "Igeuze tu, Fundi. Huenda ule wa kwanza umeshapumzika."

Tukaigeuza. Ungefanyaje?

Mimi mwenyewe nimeharibu nguo za watu, msidhani nilizaliwa na mkasi. Nilipewa kupiga pasi suti ya kiserikali, ile ya mikono mifupi na mifuko minne, kitambaa cha tetroni. Pasi yenyewe ya mkaa. Tetroni na mkaa ni kama paka na maji. Ukiisikia inasema "tsss" ujue umechelewa. Nikainua pasi, mbele ya suti kuna alama kama ya kwato ya ng'ombe. Nikasema leo narudi kijijini.

Fundi hakunipiga. Alichukua kipande kilichobaki cha kitambaa kile kile, akakata, akashona mfuko juu ya ile alama. Mwenye suti alipokuja akahesabu mifuko kwa kidole.

"Mbona mitano?"

"Huo wa tano ni wa kalamu nyekundu," Fundi akamjibu, hata kope haikucheza. "Ndiyo mtindo wa wakubwa wa Dar es Salaam sasa hivi."

Wiki iliyofuata wakaja wenzake watatu toka ofisi yake, wote wanataka mfuko wa kalamu nyekundu. Nikamwambia Fundi nichome tena, biashara imekubali. Hapo ndipo alinipiga.

Kwa hiyo kosa la kitambaa lina dawa. Dawa ni utulivu na kipande kilichobaki. Msitupe vipande.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Nyie mnaisoma shuleni kwa maneno marefu, sisi tuliiona kwa macho: duka lililokuwa na chumvi na kiberiti tu, asubuhi moja likawa na dawa za meno za aina tatu. Watu wakasimama wakizitazama kama wamekuja makumbusho. Vitambaa vikaja vya kila rangi. Fundi akafurahi, mimi nikafurahi, baraza zima likafurahi. Furaha yetu haikufika mbali, kwa sababu mlango uliopitisha vitambaa ndio huo huo uliopitisha mitumba.

Mnadani Msalato, Jumamosi, pale penye nyama choma na ng'ombe, wakaanza kumwaga marobota juu ya turubai. Mashati, makoti, suruali ambazo miguu miwili ya Mgogo ingeingia upande mmoja na nafasi ya mgeni ikabaki. Watu wakazibatiza jina: kafa Ulaya. Eti mwenye nguo kafa, ndugu zake wakafungasha wakatuletea. Jina hilo halikumzuia mtu kununua. Wateja wetu wote wakahamia kwa marehemu.

Baraza likaanza kupwaya. Fundi mmoja jirani yetu pale akahamishia cherehani nyumbani, mwingine akaiuza akaenda kuuza hiyo hiyo mitumba. Sisi tukabaki na vifungo vya waheshimiwa, maana Bunge likianza tumbo moja moja lilikuwa linakuja limenenepa tangu kikao kilichopita. Vyama vilipokuwa vingi tukashona na bendera. Nimeshona bendera za rangi zote mimi, kwa hiyo kila mkutano nilikuwa naitwa mwenzetu.

Nikamuuliza Fundi, "Hivi tutapona kweli?"

"Nguo ya mtu mwingine haikujui," akasema huku anatia uzi sindanoni. "Watavaa, itawakataa, watatuletea."

Maneno mazuri. Lakini mimi wakati ule sikuwa nangoja wateja tu. Nilikuwa nangoja mke.

Alikuwa anaitwa Loyi. Alikuja na kwaya ya kanisa kupimwa magauni ya kuimbia Pasaka. Wenzake niliwapima mara moja moja. Yeye nilimpima mkono wa kushoto, nikapima wa kulia, nikarudi wa kushoto.

"Fundi," akaniuliza, "huu mkono unakua kila ukiupima?"

"Nahakikisha, dada."

"Basi hakikisha kwa macho. Futi iache ipumzike."

Hapo nikajua nimepatikana. Tukazungumza, tukaelewana, ikabaki baba yake. Mzee Malogo alikuwa anakaa kijijini upande wa Kongwa, mfugaji, na tulishaambiwa kwamba amekataa waposaji wawili, mmoja mwalimu. Kwa kawaida mposaji habebi mwili wake kwenda kujinadi, anamtuma mshenga. Lakini mzee akatuma neno: mshenga aje na huyo mtu wake, nataka kumwona.

Mshenga wangu alikuwa mjomba Mika, muuza mkaa, mtu mwema sana, ila mdomo wake Mungu alisahau kuutia zipu. Na mimi siku hiyo nikafanya kosa ambalo fundi cherehani peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Nilikuwa na shati nililoshona mwenyewe, jeupe, zuri. Na nilikuwa na jingine la mistari ya buluu, nililipata Msalato, kola yake imesimama kama askari wa gwaride. Nikavaa lile la mistari. Nikajidanganya kwamba kiuno nimelipunguza mwenyewe, kwa hiyo nusu ni kazi yangu.

Tukamkuta mzee amekaa nje ya tembe yake ya udongo juu ya kigoda, ameegemea ukuta, shuka begani. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, upepo unakata masikio. Tukaamkia, akaitikia, akanitazama mimi. Akalitazama shati.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani, Baba."

"Hilo umeshona wewe?"

Nikafungua mdomo nitafute jibu lenye adabu. Mjomba Mika akanitangulia. "Aa, hilo, mzee wangu, kalitoa mnadani Msalato! Watu wanasukumana, wanakanyagana, yeye kaingiza mkono katikati ya rundo, huyoo, katoka nalo! Kijana ana jicho!"

Nadhani hata mbuzi waliacha kutafuna.

"La marehemu," akasema Mzee Malogo.

"Wanasema tu, Baba, huenda mwenyewe yuko hai..."

"Mtu ana ng'ombe zizini, halafu anakwenda kununua maziwa. Mnamwitaje?"

"Mvivu," akajibu mjomba Mika, upesi upesi, kama yuko shuleni.

"Haya."

Kisha yule mzee akatueleza habari zake, Kiswahili chake cha taratibu, neno moja moja kama anatoa ng'ombe zizini. "Nilikuwa kijana kama huyu. Wazungu walikuja hapa Kongwa kulima karanga kwa matrekta. Nikaacha ng'ombe wa baba, nikaenda kufanya kazi kwenye trekta. Walinipa kofia. Tukasema jembe limekwisha duniani. Mvua ikagoma, udongo ukawa mgumu kama chungu, Wazungu wakafungasha. Nikarudi nyumbani na kofia. Baba akaniuliza, hiyo inakamuliwa?"

Mjomba Mika akacheka. Mzee hakucheka.

"Kazi yako ni kofia. Imeletwa na upepo, na upepo mwingine umekuja na nguo za maiti, unaichukua. Sitampa Loyi mtu mwenye kofia."

Hivi mnajua moyo ukishuka unafikia wapi? Wangu ulifika kwenye soli. Nikaona Loyi amesimama mlangoni, ameshika kata ya maji. Tungeaga pale tukaondoka, nisingekuwa na hadithi leo. Lakini mjomba Mika hakuweza kuondoka bila kusema neno. "Mzee, huyu unayemwona anaweza kushona koti hata la mkuu wa mkoa!"

Mzee Malogo akavuta shuka lake. Upepo ulikuwa unamwingia shingoni.

"Basi anishonee mimi. Koti la kushonwa, siyo la kuokotwa. Likinikaa, mtakuja tuzungumze ng'ombe. Lisiponikaa, msije hata kwa salamu."

Mimi haraka nikatoa futi mfukoni, fundi haachi futi nyumbani. Akainua fimbo. "Weka. Mimi sipimwi. Mtu anapimwa akishakufa, anapimwa na seremala. Seremala simwoni hapa."

Msiwasingizie Wagogo, hiyo siyo mila yetu. Ilikuwa yake peke yake. Lakini ukweni mila ya mtu mmoja inatosha.

Akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe wanaorudi. Nikabaki natazama kile kigoda. Hapo ndipo nikauona ukuta. Mahali alipokuwa ameegemea, udongo ulikuwa umelainika, umeng'aa kwa miaka ya mgongo mmoja. Juu kuna alama mbili za mabega, katikati mgongo, chini pamekwanguliwa na kiuno. Yaani mzee alikuwa ameacha kipimo chake pale bila kujua. Nikapiga magoti, futi ukutani, nikaanza kupima.

"Unamshonea baba," nikasikia sauti ya Loyi nyuma yangu, "au unaishonea nyumba?"

"Shika huku, acha maneno."

Akashika ncha ya futi. Nikamwambia kipimo cha mikono atanisaidia yeye, ampime kwa uzi mzee akiwa amelala. Akaachia futi. "Nimpime amelala? Akizinduka akajiona ananyooshewa uzi, si ndiyo nimemzika mwenyewe? Mikono utajua wewe, fundi wa jicho."

Nikarudi mjini na vipimo vya ukuta. Fundi Swalehe akavisoma, akaguna. "Huyu mzee ni mpana kama mlango wa kanisa?"

"Hapana, ni wa kawaida."

"Basi ukuta umekuongezea. Mtu hakai mahali pamoja, anajisogeza huku, anajisogeza huku. Toa vidole viwili kila upande." Akafikiri tena. "Viwili na nusu. Na mikono ukate mirefu. Mkono mrefu unapunguzwa mbele ya mwenyewe, mkono mfupi unaliliwa." Hilo liandikeni ukutani hapo juu ya cherehani zenu.

Sasa kitambaa. Madukani vilikuwepo vitambaa vya kila aina, vyote vyepesi, vya kuvaa Dar es Salaam. Kizito cha kuzuia upepo wa Kongwa hakikuwepo. Fundi akavaa kofia yake, akasema twende Msalato. Nikajua anakotaka kunipeleka, nikagoma.

"Fundi, mzee kasema siyo la kuokotwa."

"Amesema koti. Kasema kitambaa?"

Tukarudi na koti refu la sufu, jeusi, kubwa, la mtu ambaye nadhani alikuwa anaishi peke yake kwa kukosa nafasi ya mwingine. Nje lilikuwa limepauka, mabega yamekuwa kijivu kwa jua. Fundi akafumua pindo kidogo akanionyesha upande wa ndani, uliofichwa na bitana. Ulikuwa mweusi tii, haujawahi kuona jua.

"Si bado ni la marehemu?" nikamuuliza.

"Koti ni la marehemu. Sufu ni ya kondoo."

"Na kondoo naye si marehemu?"

"Yona. Fumua."

Nikafumua. Sijawahi kufumua vile. Nililifungua lote, mshono kwa mshono, mpaka likabaki vipande vya kitambaa visivyokumbuka vilikuwa nini. Nikavifua, nikavipiga pasi kwa kitambaa chenye maji katikati, somo la tetroni lilikuwa limeniingia. Nikavigeuza. Kisha nikachora kwa chaki na nikashika mkasi, na mkono ukagoma. Kitambaa kilikuwa kimoja. Nikikosea bega, Loyi kaolewa na mwingine. Fundi akaona, akavuta stuli, akakaa pembeni akaanza kunieleza habari za mbuzi wake wa Kondoa aliyekuwa anakula kanzu. Nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikakata. Nadhani alikuwa anajua anachofanya.

Kule kijijini nikaenda na shati langu jeupe, nililolishona mwenyewe, mjomba Mika nyuma yangu ameapa kwamba atasema shikamoo tu. Mzee Malogo alikuwa pale pale. Nikamvisha koti. Mgongo ukakaa. Mabega yakakaa, hayakuvuta wala hayakuanguka. Mikono ikamfunika mpaka kwenye kucha, pindo nilikuwa nimelipiga bandi tu, uzi wa kushikiza kwa muda.

"Limekula vidole vyangu," akasema.

"Nyoosha mkono, Baba, kama unanionyesha ng'ombe wako."

Akanyoosha. Nikakunja, nikachoma pini. Mkono wa pili vilevile. Bila futi. Nikamvua, nikakaa chini na sindano nikamalizia pindo papo hapo, nikamvisha tena, mzee akawa anajifunga vifungo, anavifungua, anavifunga. Akawa anatembea hatua chache, anarudi, anajikung'uta kama jogoo.

"Siku ile nilikuona," akasema ghafla. "Nilikuwa zizini nakuona unapima ukuta wangu. Nikasema, huyu ama ana wazimu ama ni fundi."

Nikajifanya nakunja uzi uliobaki. Kisha akaishika pembe ya koti, akaisugua kwa vidole vyake vigumu. "Kitambaa hiki umetoa wapi?"

Mjomba Mika akavuta pumzi ya kusema. Nikamkanyaga. Loyi alikuwa mlangoni, na niliona kabisa kwamba ananiambia kwa macho, lakini sikujua ananiambia nini: sema au usiseme? Ningeweza kutaja duka lolote mjini. Mzee hakuwa na njia ya kujua, nje koti lilikuwa jipya, ndani nilitia bitana. Ila nikaona, nikimdanganya leo, kila mwezi wa sita nitamwona amevaa uongo wangu.

"Msalato, Baba. Lilikuwa koti la kafa Ulaya. Kubwa. Nimelifumua lote, nikaligeuza ndani nje, nikalikata upya. Kitambaa ni chake. Koti ni langu."

Akalivua, nikaona basi, imekwisha. Akaligeuza, akaanza kukagua mishono ndani, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kupe kwenye ndama. Alipomaliza akatazama zizi lake. Nami nikatazama. Mlango wa zizi ulikuwa bati zito, la chuma, lenye matundu ya boliti.

"Lile ni la trekta," akasema. "Walipoondoka waliacha. Ng'ombe wangu wanapita pale asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kuniuliza mwenye trekta yuko wapi."

Akalivaa tena. Tukangoja aseme ndiyo. Hakusema. Tukangoja aseme hapana. Hakusema pia. Akachukua fimbo yake. "Twendeni," akasema, akatangulia.

Tulimfuata nyuma, mimi na mjomba, kama washitakiwa. Mjomba ananinong'oneza, "Mpwa wangu, hii ndiyo ndiyo au ndiyo hapana?" Namwambia nyamaza. Tukafika kwenye kilabu cha pombe ya mtama, wazee wenzake wamekaa kwenye magogo, kibuyu kinazunguka. Mmoja wao, Mzee Chidawali, rafiki yake wa utani toka ujana, alipomwona akapiga makofi.

"Hee! Malogo! Na wewe umevua maiti Ulaya?"

Wazee wakaangua kicheko. Mimi nikatafuta shimo la kuingia. Mzee Malogo hakuharakisha. Alikaa kwanza, akalikunjua koti vizuri lisikaliwe, akapokea kibuyu, akanywa, akafuta mdomo kwa upande wa kiganja, siyo kwa mkono wa koti.

"Maiti gani?" akasema. "Hili kanishonea mkwe wangu."

Akanywa tena, akauliza habari za malisho ya upande wa pili wa mto, kama mtu aliyetoa taarifa ya hali ya hewa.

Mjomba Mika akanishika bega, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Mimi furaha ikanivuruga kabisa. Nikaanza kuwaamkia watu shikamoo upya, mmoja mmoja, Mzee Chidawali, na waliokaa kwenye magogo, na mama mwenye kilabu, na vijana waliokuwa wanacheza bao, mpaka nikajikuta nimeinama mbele ya binti mdogo wa kimo cha kiuno changu aliyekuwa anauza karanga kwenye ungo.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akanitazama, akaona mtu mzima mwenye shati jeupe, akaamua kunisaidia.

"Marahaba, mwanangu. Karanga?"